Mfanyakazi Wetu Anapata Nini? Namna ya Kumwandikia Karatasi Yake ya Mwaka

Somo kwa vikundi vilivyoajiri



Vikundi vingi vilivyoanza kwa kuchanga shilingi kidogo kidogo siku hizi vimekuwa waajiri. Kikundi kinanunua mashine ya kusaga, kinamweka kijana wa kuiendesha. Kingine kina mradi wa maji, na kuna mtu anayefungua bomba asubuhi na kukusanya pesa kioskini. Kingine kina shule ya nasari na mwalimu wake, au ghala la nafaka na mlinzi wa usiku. Watu hawa si wengi, pengine ni mmoja au wawili, na ndiyo sababu tunawachukua kama watoto wa nyumbani. Mtoto wa nyumbani haandikiwi karatasi, tunasema. Sisi tunajuana.

Sasa muulize huyo kijana wa mashine: "Kwani kikundi kinakulipa ngapi?" Atakwambia, "Elfu kumi na kitu." Hiyo ndiyo anayoshika mkononi. Muulize mweka hazina swali hilo hilo, atakwambia, "Yule anatugharimu zaidi ya elfu kumi na tatu kila mwezi, na bado analalamika." Wote wawili wanasema kweli. Katikati ya elfu kumi na elfu kumi na tatu kuna pesa zinazokwenda mahali, na mwenyewe hajui zinakwenda wapi, wala kama zinafika.

Katika toleo hili tutajifunza kumwandikia kila mfanyakazi karatasi moja kwa mwaka, yenye jina lake, inayomwonyesha mambo yote anayopata kwa kufanya kazi na kikundi: mshahara, pesa zinazowekwa kwa ajili ya uzee, matibabu, bima ya ajali, siku za likizo. Kampuni kubwa zimekuwa zikifanya hivyo miaka mingi. Huko Marekani, sheria ya pensheni ya mwaka 1974 iliwapa wafanyakazi haki ya kupata taarifa ya malipo yao ya uzeeni, na kampuni zikaendelea kuongeza mambo mengine katika karatasi hizo. Hapa kwetu, mwenye ndugu anayefanya kazi katika shirika lenye mfuko wa pensheni pengine amewahi kuona taarifa anayoletewa kila mwaka. Sisi hatuhitaji kompyuta wala mtaalamu. Tunahitaji daftari, risiti, na ukweli.

Isichanganywe na karatasi ya mshahara

Kwanza tuondoe jambo moja njiani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wa mwezi karatasi inayoonyesha mshahara wake na kila kilichokatwa, kila anapolipwa. Hiyo ni lazima, na kikundi ambacho hakifanyi hivyo kianzie hapo. Karatasi ya mwaka tunayozungumzia hapa haijaamriwa na sheria. Tunaishauri kwa sababu ile ya mwezi huonyesha kilichotoka kwenye mshahara tu. Haisemi kikundi kimeongeza nini juu yake, wala haisemi kama kilichokatwa kilifika kilikotumwa.

Mtaona wengine wakisema, "Lakini huyu wetu ni kibarua tu." Angalieni vizuri. Sheria hiyo hiyo inasema kibarua wa kutwa akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, anahesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi. Yule mama anayefagia ghala kila siku tangu mwaka juzi si kibarua tena, hata kama daftari lenu bado linamwita hivyo.

Tuchukue mfano

Tuseme kikundi kina mashine ya kusaga. Kijana anayeiendesha ana mshahara wa msingi wa shilingi 10,400 na pesa za nyumba shilingi 1,600. Jumla ni 12,000 kwa mwezi. (Msichukue hesabu hii kama mshahara wa kumlipa mtu wenu. Serikali hutangaza kima cha chini kwa kila aina ya kazi na kila sehemu ya nchi. Ulizeni ofisi ya kazi iliyo karibu.) Viwango tunavyotumia ni vya mwaka 2025.

Kwa 12,000 kijana huyu hatozwi kodi ya mapato, kwa maana hajafikia kiwango. Lakini kuna makato matatu.

La kwanza ni NSSF, ile hazina ya uzee iliyoanzishwa mwaka 1965. Tangu Februari 2023, kwa sheria ya 2013, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 6 kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Kwa hesabu yetu ni shilingi 720 za kijana na 720 za kikundi, kila mwezi.

La pili ni bima ya afya, yaani SHIF, iliyochukua mahali pa NHIF kuanzia Oktoba 2024. Hii ni asilimia 2.75, na haipungui shilingi 300. Kwa kijana wetu ni shilingi 330. Hapa mwajiri haongezi kitu. Kazi yake ni kukata na kupeleka.

La tatu ni ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kwa mwajiri, kwa sheria ya Machi 2024. Ni shilingi 180 kila upande.

Kijana basi hukatwa jumla ya shilingi 1,230 na kubaki na 10,770. Kikundi nacho kinatoa 900 juu ya mshahara, na tuseme kimelipa shilingi 3,000 kwa mwaka kwa bima ya ajali kazini. Sasa tuiandike karatasi yenyewe.

KARATASI YA MWAKA YA MFANYAKAZI
Januari hadi Desemba 2025

Jina: ...............
Kazi: kuendesha mashine ya kusaga
Ameanza kazi: Machi 2021
Namba ya NSSF: ...............

A. Mshahara wako
Mshahara na pesa za nyumba, miezi 12: 144,000
Ulichokatwa: NSSF 8,640, SHIF 3,960, ushuru wa nyumba 2,160. Jumla 14,760
Ulichopokea mkononi: 129,240

B. Kikundi kimelipa juu ya mshahara wako
NSSF, sehemu ya kikundi: 8,640
Ushuru wa nyumba, sehemu ya kikundi: 2,160
Bima ya ajali kazini: 3,000
Jumla: 13,800

C. Kilichofika
NSSF, sehemu zako na za kikundi: 17,280. Miezi iliyolipwa: ..... kati ya 12
SHIF: 3,960. Miezi iliyolipwa: ..... kati ya 12
Ushuru wa nyumba, pande zote mbili: 4,320. Miezi iliyolipwa: ..... kati ya 12
Bima ya ajali inaisha tarehe: ...............

D. Siku zako
Likizo ya mwaka: siku 21. Umechukua 14. Zimebaki 7
Siku za ugonjwa ulizotumia: 3

E. Watu wako
Mrithi uliyemwandikisha NSSF: ...............
Walioandikishwa kwenye bima ya afya: ...............

F. Swali au marekebisho ya mfanyakazi
...............................................

Ukijumlisha 144,000 na 13,800 unapata 157,800, ambayo ni gharama ya kikundi kwa mwaka. Ndiyo ile elfu kumi na tatu na kidogo ya mweka hazina.

Sehemu C ndiyo moyo wa karatasi

Tunaomba msome sehemu C mara mbili. Kikundi kinaweza kuandika A na B kwa dakika kumi, kwa kuzidisha tu. Sehemu C haiandikwi kwa kuzidisha. Inaandikwa kwa kushika risiti mkononi, mwezi kwa mwezi, na kuhesabu.

Tunasisitiza kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi huteleza, na mara nyingi si kwa wizi. Mwezi wa tatu mashine iliharibika, ikahitaji beringi mpya. Pesa zilizokatwa kwa NSSF zilikuwa hapo kwenye sanduku. Kamati ikasema, "Tuzitumie, tutarudisha." Mwezi wa nne mvua ikanyesha, watu hawakusaga. Mwezi wa tano hakuna aliyekumbuka tena. Kwenye daftari la mshahara inaonekana kijana amekatwa miezi yote 12. Huko NSSF miezi iliyoingia ni 7. Sheria inahesabu jambo hili kuwa kosa: ukishamkata mtu, hizo si pesa za kikundi tena, hata kwa siku moja. Zinatakiwa ziwe zimefika kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Aumiaye ni nani? Kijana hatajua leo. Atajua siku ametuma maombi ya malipo ya uzee, au siku mke wake amelazwa na karani wa hospitali anasema, "Mama, huku inaonyesha hamjalipa." Wakati huo kamati iliyotumia pesa imeshabadilishwa mara tatu.

Kwa hiyo kama ni miezi 7, iandikwe 7. Isiandikwe 12 eti kwa sababu mna nia ya kulipa iliyobaki wiki ijayo. Kama mnaweza, lipeni malimbikizo kwanza, pamoja na faini ya kuchelewa, halafu ndiyo muandike. Kama hamwezi, andikeni pengo lilivyo, na chini yake muandike tarehe ambayo kamati imeamua kulimaliza. Mfanyakazi akiona pengo lililoandikwa wazi atakasirika, ndiyo. Lakini karatasi nzuri yenye idadi za uongo ni mbaya kuliko kutoandika kabisa, kwa maana inamfanya alale akidhani yuko salama. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la uongo nalo ni vivyo hivyo.

Njia ya kuhakikisha si ngumu. NSSF humpa mwanachama taarifa ya akaunti yake akiomba, ofisini, Huduma Centre au kwa simu. Mwacheni mfanyakazi aombe yake mwenyewe, aje nayo, muilinganishe na risiti zenu. Zikilingana, kazi imekwisha. Zisipolingana, tafuteni mwezi uliopotea. Wakati mwingine pesa zililipwa lakini namba iliandikwa vibaya, zikaingia kwa mtu mwingine.

Nini kisiandikwe

Kamati ikishapenda karatasi hii, kishawishi kinachofuata ni kuipamba. Kila mtu anataka ionekane ndefu. Tumeona kamati zikitaka kuingiza ovaroli, buti, na kitambaa cha kufunika pua kwa ajili ya vumbi la unga. Hapana. Hivyo ni vifaa vya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga pale ambapo kazi ina hatari, bila kumtoza mfanyakazi. Kumwandikia mtu buti kama zawadi ni kama kumwandikia mafuta ya mashine.

Chai ya saa nne pia tungeiacha. Kusagiwa mahindi yake bure kunaweza kuandikwa, lakini kwa maneno tu: "Husagiwa bure debe moja kwa wiki." Msitafute thamani yake kwa kukisia. Mkiweka shilingi za kubahatisha mahali pamoja, msomaji atatilia shaka na zile za kweli.

Kosa la hesabu linalorudi kila mara ni likizo. Mtu anasema: siku 21 za likizo kwa malipo, tuzigeuze shilingi tuongeze kwenye sehemu B. Lakini mshahara wa siku hizo uko ndani ya 144,000 tayari. Ukiuongeza umeuhesabu mara mbili. Likizo iandikwe kwa siku. Sheria inatoa si chini ya siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12, na kwa mgonjwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi miwili, siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Mwalimu wetu wa nasari akijifungua anapata miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo yake ya mwaka haipotei. Baba naye ana wiki mbili. Mambo haya wengi wa wafanyakazi wetu wa vijijini hawajawahi kuambiwa na mtu.

Ushuru wa nyumba nao unahitaji maelezo. Tumeuweka kwenye B kwa sababu kikundi kimeutoa kweli. Lakini si akiba ya kijana. Pesa za NSSF zinaingia kwenye akaunti yenye jina lake, na hizi za nyumba zinaingia kwenye mfuko wa taifa wa kujenga nyumba. Mwambieni hivyo kwa mdomo mnapompa karatasi, asije akazidai siku moja kama zake.

Halafu kuna kiinua mgongo. Kama kikundi hakijapitisha kwenye mkutano na kuandika kwenye mkataba, kisionekane kwenye karatasi hata kwa penseli. Ila mjue hili: mfanyakazi ambaye hakuandikishwa NSSF wala mfuko mwingine ana haki kwa sheria ya kulipwa kwa kila mwaka aliotumikia, kikundi kikimwachisha kazi au yeye akiacha kwa notisi. Mara nyingi mahakama za kazi huhesabu mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka. Aliyeandikishwa NSSF hana dai hilo. Kikundi kilichokwepa 720 za kila mwezi hakikuokoa chochote. Kimeweka deni mahali pasipoonekana.

Bima ya ajali

Mashine ya kusaga ina mkanda unaozunguka. Kila mwanakikundi aliyewahi kusimama karibu na mkanda ule anajua tunazungumza nini. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mtu akipata ulemavu kamili wa kudumu, fidia ni mapato ya miezi 96. Kwa kijana wetu wa 12,000, piga hesabu: 12,000 mara 96 ni shilingi 1,152,000. Ni vikundi vingapi vina pesa hizo benki? Bila bima, pesa hizo zitatafutwa kwenye mashine, kwenye kiwanja, na kwa watu.

Ndiyo maana sehemu C ina tarehe ya kuisha kwa bima. Tarehe hiyo ni kwa ajili yenu kama ilivyo kwa ajili yake. Bima iliyokwisha Agosti haisaidii mkono uliokatika Septemba.

Sehemu ya watu wake

Sehemu E ndiyo inayoifanya karatasi iwe ya mtu huyu na si ya mwingine. Hapa hakuna shilingi. Kuna majina.

Kijana alijiandikisha NSSF akiwa hajaoa, akaweka jina la mama yake. Sasa ana mke na watoto wawili, na mama alishafariki. Hakuna aliyemuuliza. Siku akiondoka ghafula, mjane ataanza kuzunguka na barua za chifu, vyeti, na nauli ya kwenda mjini mara nne, kwa ajili ya pesa ambazo zingemfikia kwa njia nyepesi zaidi. Vivyo hivyo kwenye bima ya afya: mtoto aliyezaliwa mwaka huu ameongezwa? Mke ameandikishwa kwa namba sahihi ya kitambulisho?

Katibu asijaze sehemu hii kwa kukumbuka kichwani. Akae na mfanyakazi, aulize, aandike anachoambiwa. Kama jina limepitwa na wakati, mfanyakazi mwenyewe ndiye wa kwenda kulibadilisha, na kikundi kimpe siku moja ya ruhusa. Mtu anaweza kuwa na sababu zake za kumchagua fulani. Msimshauri sana.

Kwa sababu ya sehemu hii, karatasi haisomwi mkutanoni. Tunajua hoja itakayokuja: "Pesa ni zetu, lazima tusomewe." Jumla ya gharama za wafanyakazi, ndiyo, isomwe kwenye hesabu za mwaka, shilingi kwa shilingi. Lakini siku alizougua, majina ya watoto, na mrithi wake ni mambo yake. Tangu mwaka 2019 nchi ina sheria ya kulinda habari za mtu binafsi, na hata isingekuwapo, hakuna mzee ambaye angependa mrithi wake atangazwe chini ya mwembe. Waijue watu watatu: katibu, mweka hazina, na mwenyewe. Itiwe kwenye bahasha.

Namna ya kuiandika na kuitoa

Ukurasa mmoja unatosha. Herufi kubwa, nafasi katikati ya mistari, mwandiko unaosomeka. Kama anasoma Kikamba au Kiluhya vizuri kuliko Kiswahili, andikeni kwa lugha anayoisoma. Vifupisho viandikwe kwa kirefu mara ya kwanza. Asilimia ziachwe. Mtu anataka shilingi na siku, si sehemu ya mia. Kama hajui kusoma, mtu anayemwamini akae naye amsomee. Sheria inadai mkataba wa kazi uelezwe kwa mtu asiyeweza kusoma kwa lugha anayoielewa, na hakuna sababu karatasi hii iwe tofauti.

Iandikwe Januari, baada ya malipo ya Desemba kufika. Mweka hazina atoe risiti, katibu aandike, mwanakamati wa tatu ahakikishe kila jumla. Nakala mbili. Moja ni ya mfanyakazi. Nyingine ikae kwenye faili yake, na faili isichomwe akiondoka: sheria inataka maandishi ya ajira yake yatunzwe miaka mitano baada ya kuacha kazi.

Siku ya kumpa, msimwite mbele ya kamati nzima. Watu wawili wanatosha, mahali penye kivuli na viti. Anzeni na sehemu ya mwisho kwanza. Muulizeni, "Kuna mahali unaona hapajaenda sawa?" Mpeni muda. Pengine atasema, "Hizi siku za likizo, mzee, mimi sikuchukua 14. Mlinirudisha siku ya tisa mashine ilipokwama." Basi daftari liangaliwe. Kama ni kweli, rekebisheni hapo hapo kwa kalamu na nyote muweke sahihi. Sahihi yake mwishoni iwe ya kuonyesha amepokea karatasi, na liandikwe neno hilo hilo, "nimepokea". Msimfanye akubali jambo ambalo bado anataka kulichunguza.

Tuongeze onyo moja. Kuna waajiri wanaoitoa karatasi ya namna hii siku ile mfanyakazi ameomba nyongeza. "Unaomba nini tena? Tazama tunavyokulipia!" Wakifanya hivyo mara moja, hakuna atakayeiamini tena. NSSF, bima na likizo ni haki zake kisheria, si hisani yenu. Karatasi itoke Januari, awe ameomba nyongeza au hakuomba. Mazungumzo ya mshahara yawe na siku yake.

Ni kweli kwamba mfanyakazi akiijua hesabu yote anaweza kupima vizuri zaidi. Akiitwa mjini kwa shilingi elfu moja na mia tano zaidi, bila NSSF, bila bima, ataweza kuweka karatasi mbili pamoja na kuamua. Pengine bado ataenda. Nauli na kodi ya chumba huko ni hesabu yake. Akienda, mpeni cheti cha kazi, ambacho nacho ni haki yake kwa sheria, pamoja na karatasi zake za miaka yote.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kikundi chetu kina wafanyakazi wangapi, tukihesabu na wale tunaowaita vibarua? Kila mmoja ameanza lini?

2. Mweka hazina alete risiti za NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba za miezi 12 iliyopita. Tuzihesabu pamoja. Kuna mwezi unaokosekana? Pesa zake zilitumika wapi?

3. Bima yetu ya ajali kazini inaisha tarehe gani? Nani ana karatasi yake?

4. Ni lugha gani tutakayotumia kwa kila mfanyakazi, na nani atakaa naye siku ya kumpa?

5. Chukueni karatasi tupu na mjaze sehemu A na B za mfanyakazi mmoja, kwa mshahara wake halisi. Sehemu C iacheni wazi mpaka risiti ziwe mezani.